Karamu ya Kila Jioni

Barua ya wakwe ilimkuta Bujiku amembana binti yake Helena katikati ya magoti, anamsuka mabutu. Upande wa kushoto alikuwa ameshamaliza. Kijana wa basi aliyeileta kutoka Iringa alisimama uwanjani akatoa macho, maana mwanaume wa miaka arobaini, Msukuma mwenye mabega ya kubeba gunia la mpunga peke yake, kushika kitana na kupasua njia za nywele mchana kweupe, hilo hata Chimala, mji wa barabarani uliokwisha kuona kila aina ya vituko, lilikuwa jambo la kwenda kusimulia.

"Weka hapo juu ya ndoo," Bujiku akamwambia. "Na ukimaliza kushangaa ufunge mdomo, nzi ni wengi."

Kwanza alimaliza mabutu. Hakuwa mtu wa kuacha kichwa cha mtoto nusu kwa sababu ya karatasi. Helena alipokwisha kukimbilia kisimani na wadogo zake, Bartolomeo wa miaka saba na Seni wa miaka mitatu na ushee, ndipo akaifungua. Kusoma kwake wakati ule kulikuwa kwa kupanda mlima: silabi moja, pumzi, silabi nyingine. Barua haikuzidi mistari minane, lakini ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Mwandishi alikuwa shemeji yake Liberatus, mdogo wa marehemu mkewe, karani wa ghala la mahindi huko Iringa, mtu aliyesomeshwa na mapadri.

"Shemeji Bujiku," barua ilisema, "barua yako tumeipata, nimeisoma mbele ya mama. Mama hajala siku mbili. Kaburi la dada Tekla halijapata hata msalaba wa saruji, na wewe kwa mkono wako mwenyewe unatuandikia kwamba una karamu kila jioni. Uliahidi mbele ya wazee, na sisi tunakumbuka. Tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Weka tayari nguo za watoto. Hawatakaa tena katika nyumba ya karamu."

Aliirudia mara tatu, na mara ya tatu damu ikampanda kichwani. Kumbe wakwe zake walikuwa wanachukia kalamu!

Hapa inabidi tumtetee kidogo, maana asiyejua habari yenyewe atamwona mjinga, na Bujiku hakuwa mjinga hata chembe. Mdomo uliolelewa na Kisukuma hauna shughuli na r. Bujiku alisema balua, alisema habali, alisema selikali, na watu wote walimwelewa. Balaa lilianza alipojiunga na kisomo cha watu wazima, katika mwaka huo wa sabini na tano ambao nchi nzima ilikuwa inahimizana kufuta ujinga. Kila siku saa kumi alasiri alikuwa anakunja magoti kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu Asukile, kijana wa Tukuyu mwenye wino mwekundu usiokauka, alimpigia mistari kila alipoweka l pasipo pake. Mistari ikawa mingi mpaka Bujiku akaanza kuiogopa l yenyewe. Kila alipokutana nayo katika neno asilokuwa na hakika nalo, aliifuta akaweka r, akajiona msomi.

Mwisho wa mwaka mwalimu akatoa kazi: kila mtu aandike barua ya kweli kwa ndugu yake, amweleze mambo ambayo yeye na watoto wake waliyafurahia mwaka huo. Ndugu wa Bujiku walikuwa machungani ndani kabisa ya Usangu, ambako barua ingewafikia ng'ombe kabla ya watu. Akaona awaandikie wakwe, kule Ipogolo, Iringa. Aliandika siku nne.

"Mama na shemeji Liberatus, sisi hatujambo. Mwaka huu karamu imeingia nyumbani kwangu. Kila jioni tuko na karamu, mimi na watoto, hata Seni mdogo. Tangu Tekla atutoke hakuna kilichotufurahisha kama karamu. Majirani wanakuja kutazama, wanacheka. Njooni na nyie muone. Ni mimi Bujiku."

Maneno mengine yote aliyajua kutoka ubaoni. Neno kalamu ndilo ambalo hakuwahi kuliandika hata siku moja. Nani anaandika jina la jembe analolimia? Mara ya kwanza aliliandika kwa l. Akalitazama, akakumbuka mistari myekundu, akalifuta, akaweka r, akaona sasa limekaa vizuri. Na leo shemeji naye, karani mzima, amemjibu karamu kwa r ileile. Bujiku akajua kwamba hakukosea.

Kwa hiyo hasira yake ilikuwa safi, haina doa la shaka. Alikuwa na wakwe walioona kuwa baba kujifunza kuandika pamoja na watoto wake ni aibu ya kutosha kumnyang'anya watoto hao.

Wala hakuweza kuwacheka tu, kwa sababu neno alikuwa amelitoa mwenyewe. Siku walipomzika Tekla, Januari ile ya kichomi, mama mkwe wake Apolonia aliomba mambo mawili mbele ya wazee wa pande zote mbili. La kwanza, nyumba ile ikae mwaka mzima bila ngoma, bila pombe na bila karamu. La pili, baba akishindwa kulea, watoto wapelekwe kwake Ipogolo. Bujiku, macho yakiwa yamevimba, alijibu kwamba amekubali. "Mkiona nimewatupa, njooni muwachukue," alisema. "Sitafunga mlango." Maneno hayo yalikuwa yake, na mashahidi wake walikuwa hai.

Dada yake mkubwa, Ng'washi, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya barabara, alipata habari kabla jua halijazama. Alikuja na wembe mkononi.

"Tuwanyoe watoto vichwa," akasema. "Na wewe vaa lile shati bovu, ulale chini siku hizi tatu, macho yaingie ndani. Wakija wakute mtu amefiwa. Na hayo madaftari zika kwenye mpunga."

"Madaftari yatakaa mezani."

"Bujiku! Watachukua watoto!"

"Na wakija wawakute watoto walivyo. Nikimnyoa Helena ili nimfurahishe bibi yake, kesho kutwa nitamwambia nini Helena?"

"Utamwambia ulitaka kubaki naye."

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," Bujiku akasema. "Rudi na wembe wako, dada. Nina mboga jikoni."

Ng'washi alirudi kwake akinung'unika kwamba mdogo wake alianza kuharibika siku alipojifunza kukoroga uji, na kwamba mwanaume akizoea jiko kichwa kinapata moshi. Alisema kwa sauti, makusudi, ili barabara nzima isikie. Barabara nzima ilikuwa na maoni hayohayo tangu zamani.

Jumamosi Bujiku aliamka akachinja jogoo. Akaosha mchele mzuri wa kwao, akaupembua jiwe kwa jiwe. Kisha akaiweka meza katikati ya chumba, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuiona, akapanga juu yake madaftari matano na kalamu tatu, zote zimeelekea mlangoni. Alizipanga kama mtu anayetega.

Basi lilifika saa saba mchana. Mama Apolonia aliteremka mwenyewe bila kushikwa mkono: mama mrefu, mwembamba, khanga nyeusi mabegani na rozari imezungushwa kwenye kiganja. Liberatus alimfuata na kikapu kitupu, kikubwa, na Bujiku alipokiona alijua ni cha nguo za watoto. Watoto walimkimbilia bibi yao. Aliwashika vichwa mmoja mmoja, akakaa muda mrefu kwenye mabutu ya Helena, akiyapapasa kama anayetafuta kosa.

Kwa Wasukuma na kwa Wahehe vilevile, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Kwa hiyo walikaa inavyostahili. Mama Apolonia alipewa kigoda ndani, akaupa mlango mgongo. Bujiku alikaa nje, ameegemea ukuta, akiwa ameupa mlango mgongo pia. Liberatus aliwekwa kizingitini katikati, ili awe mdomo wa wote wawili.

"Kamwene," mama mkwe akausalimia ukuta kwa Kihehe.

"Kamwene, mama," Bujiku akaiambia barabara.

Wakaulizana hali, mvua na ng'ombe. Kisha Liberatus akakohoa, akaikunjua barua.

"Shemeji, mama anauliza. Ni kweli humu ndani kuna karamu?"

"Ni kweli," Bujiku akasema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Kalamu ipo. Siifichi. Ziko tatu."

"Tatu? Kwa siku?"

"Tatu. Moja ya kwangu, moja ya Helena, moja wanagombania hawa wadogo."

Ndani rozari ililia. "Yesu na Maria," mama Apolonia akasema. "Hata mtoto ana kalamu yake." Naye mdomo wake wa Kihehe haukuwa na r, ila hakuna aliyeligundua hilo wakati ule.

"Na hao majirani?" Liberatus akauliza. "Umeandika kwamba wanakuja."

"Wanakuja. Anayetaka nampa, ajaribu. Wiki iliyopita tu mlevi mmoja alivunja moja, nikamtimua."

"Walevi," mama mkwe akasema polepole. "Mwanangu yuko udongoni, na walevi wako kwenye nyumba yake."

"Shemeji," Liberatus akasema, na sasa hata yeye alikuwa amekunja uso, "mtu mwenyewe mkulima, una watoto watatu. Chakula cha karamu zote hizo unakitoa wapi?"

Bujiku aligeuka akamtazama. "Chakula gani? Kalamu inakula wino."

Helena alikuwa amekuja na maji ya kunywa, amesimama nyuma ya mjomba wake na barua ikiwa mbele ya macho yake. Alikuwa darasa la nne na hakuwa mtoto wa kunyamaza akiona kosa.

"Baba," akasema, "hapa umeweka r. Hii ni karamu, ile ya pilau na soda. Ya kuandikia ina l."

Liberatus aliitazama barua. Akaitazama meza, madaftari na kalamu tatu zilizokuwa zimemwelekea tangu alipoingia. Halafu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, kicheko cha shemeji, ambaye ni mtani na ana haki yake. "Msukuma wewe! R imekuua! Miaka kumi na mbili tangu umwoe dada yangu nilidhani umeacha kuchunga, kumbe unachungwa na r!" Akageuka ndani, akamweleza mama yake neno kwa neno: hakuna karamu, ni kalamu, ni kisomo, ni kosa la herufi moja.

Bujiku alihisi uso unawaka. Miezi yote ile ya kukunja magoti, na sasa herufi moja imemvua nguo mbele ya mama mkwe. Lakini chini ya aibu alihisi kifua kinafunguka, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha.

Halikuwa limekwisha.

"Vizuri," mama Apolonia akasema kutoka ndani. "Kama ni kosa la herufi, aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Aseme kwamba mwaka wote huu nyumba hii ilikaa kimya kama tulivyopatana. Kwamba hakuna kalamu, ile ya kula, iliyofanyika humu, wala watu hawakushangilia juu ya kaburi la mwanangu. Akisema hivyo mimi narudi na basi la jioni, na watoto wanabaki."

Liberatus akainama kwa Bujiku. "Sema," akamnong'oneza. "Neno moja tu, shemeji, kikapu kirudi kitupu. Sema hapakuwa na karamu."

Na ilikuwa rahisi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Bujiku aliwatazama watoto wake watatu waliokuwa wamejipanga kando ya pipa la maji: Helena na mabutu yake, Bartolomeo anayejikuna mguu kwa mguu, na Seni amekaa chini anamsemesha kuku. Anamsemesha. Kila siku Bujiku alipomsikia mtoto yule akiongea, hata kama ni upuuzi, aliacha alichokuwa anafanya akamsikiliza.

"Siwezi kusema hivyo," akasema.

"Shemeji!"

"Siwezi. Kalamu ilikuwepo. Na ile nyingine, ya kula, ile nayo ilikuwepo. Mwambie mama."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Mama Apolonia alikuwa na masikio.

"Baada ya mazishi," Bujiku akasema, akiiambia barabara lakini kwa sauti ya kufika ndani, "mimi nilishika ahadi. Nyumba ilinyamaza. Sikuwasha hata redio. Tulikula kimya, tukalala kimya. Na huyu Seni alinyamaza kuliko wote. Miezi miwili, mama. Hakusema neno hata moja. Hata kulia hakulia. Unamwita, anakutazama. Watu wakasema mwache, ni msiba, utapita. Mimi nikaona mtu wa pili ananifia huku anatembea."

Akavuta miguu yake kutoka juani, akaendelea.

"Jioni moja nilipika maharage. Nilikuwa sijui kupika, nani angenifundisha? Nikaenda kutafuta kuni, niliporudi moshi umejaa nyumba. Nikayapakua hivyohivyo, meusi. Tukakaa tunayaangalia. Huyu Seni akachukua kijiko, akaonja, akaniangalia machoni, akasema: 'Imeungua, baba.'"

Barabarani lori lilipita likielekea Mbeya. Bujiku alingoja sauti yake iishe.

"Bartolomeo akaanza kucheka. Helena akacheka. Mimi nilipiga vigelegele, mama, mimi mwanaume, hao majirani ni mashahidi. Tuliyala yale maharage yote mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Hiyo ndiyo karamu ya kwanza." Na safari hii, kwa bahati au kwa hasira, ile r aliitamka. "Kaburi lilikuwa halijamaliza miezi mitatu. Na siku ile niliapa kwamba nyumba hii itacheka kila jioni, watu waseme watakavyo."

Basi akasema yote. Alikuwa amekwisha kuvuka mto, hakuona sababu ya kuogopa kulowa. Alisema habari za kuwinga ndege wa mpunga mwezi wa nne, walivyokuwa wanakwenda jarubani alfajiri na madebe manne, kila mtu na mdundo wake, na Bartolomeo ndiye aliyegundua kwamba ndege hawaogopi kelele, wanaogopa kelele inayokuja ghafla baada ya kimya. Tangu hapo walikuwa wanalala kifudifudi matopeni kama majambazi, halafu wanalipuka wote kwa pamoja. Kama hiyo si ngoma basi yeye hajui ngoma ni nini. Alisema walivyokata viazi vya michembe wakavianika juu ya bati, na Helena akaimba nyimbo za mama yake, zote, za Kihehe, na baba yake akaziimba vibaya ili wamcheke. Alisema alivyojifunza mabutu kwa kufumua kichwa kimoja mara sita, na alivyogundua kwamba mtoto anaposukwa ndipo anaposema yaliyomo moyoni, kwa sababu hakuoni uso.

"Tekla alikuwa anayajua hayo," akasema. "Mimi miaka kumi na mbili nilikuwa naye nyumba moja na sikuyajua. Nimeyajua mwaka huu."

Ndani mama Apolonia aliiweka rozari mapajani.

"Na treni. Reli ilipofunguliwa tuliondoka hapa na viazi vya kuchemsha, tukakaa stesheni tangu asubuhi. Helena alikuwa anahesabu mabehewa. Huyu Seni nilikuwa nimemweka begani, na behewa la kwanza lilipopita akanyoosha mkono akapiga kelele: 'Mama!' Behewa la pili: 'Mama!' Watu wakageuka. Nikafikiri mtoto amerukwa na akili."

"Alimwona nani?" Liberatus akauliza, na alikuwa amesahau kwamba kazi yake ilikuwa kupeleka maswali ya mwingine.

"Herufi. Kila jioni, kabla ya kuandika kitu kingine chochote, tunaandika jina la mama yao. Tekla. Inaanza na T. Na ule msalaba wa mti kaburini mchwa wameula kichwa, umebaki mti umesimama na mti umelala juu yake. Mtoto akauona, akaiona na herufi kwenye daftari, akajua ni kitu kimoja. Sasa kila T kwake ni mama. Kwenye magunia ni mama. Kwenye treni ya TAZARA behewa zima limeandikwa mama. Barua yenu mnasema kaburi halina saruji. Saruji nitaitafuta. Lakini ule mti siung'oi mpaka huyu awe mkubwa."

Sasa alisimama. Hakugeuka, heshima haikumruhusu, lakini alisimama wima na mgongo wake ukaziba nusu ya mlango.

"Nilisema sitafunga mlango, na huo hapo, uko wazi. Nguo zao ziko kwenye sanduku la kijani. Lakini sitasema uongo ili nibaki na watoto. Kama kosa ni kuwatupa, sijawatupa. Kama kosa ni kucheka, nimecheka, na watoto wakiwepo kesho jioni nitacheka tena."

Liberatus alijifuta jasho la shingo. Alitazama kikapu, akatazama mgongo wa mama yake, akatazama mgongo wa shemeji yake, kisha akaikunja barua akaitia mfukoni.

Ndipo harufu ilipotoka jikoni. Ilianza polepole, kisha ikaingia chumbani bila kupiga hodi. Wali! Bujiku alikuwa ameupalilia makaa juu ya kifuniko kabla wageni hawajafika, na kwa maneno yote yale hakuukumbuka tena.

Seni alimwacha kuku wake. Alitembea mpaka mlangoni, akapenya katikati ya miguu ya baba yake na ya mjomba, akasimama mbele ya bibi yake, akavuta pua.

"Imeungua tena," akamwambia.

Mwanzo hawakujua ni sauti gani. Liberatus alidhani mama yake amepaliwa. Mama Apolonia alikuwa ameinama, khanga nyeusi ameibana mdomoni kwa mikono yote miwili, na mabega yanaruka. Alijitahidi. Ni haki isemwe kwamba alijitahidi sana. Kisha khanga ikamponyoka na kicheko kikatoka, kikubwa, cha mwanamke ambaye mwaka mzima hajacheka, na machozi yalikuja nacho kwa pamoja, hakuna aliyeweza kuyatenganisha. Seni, akiona amefanikiwa, akarudia: "Tena! Imeungua tena!" Bibi yake akamvuta mapajani akamfunika na khanga, akaendelea kucheka na kulia juu ya kichwa chake.

Ng'ambo ya barabara Ng'washi alitoka nje akasikiliza, akashika kiuno. Kicheko kingine kutoka nyumba ile ya msiba, na safari hii ni cha mama mkwe. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Ilipotulia, Liberatus akauliza kwa unyenyekevu, "Sasa, mama, tunawachukua watoto au hatuwachukui?"

Mama Apolonia aliinuka, Seni akiwa kiunoni. Alikiinua kigoda chake, akakigeuza, akakaa ameikabili meza, na kwa hiyo akawa ameukabili na mlango, na mkwe wake. Bujiku, ambaye kicheko kile kilikuwa kimemgeuza bila kujua, alishtuka akainamisha macho.

"Nipe hiyo kalamu," mama mkwe akasema.

Hakumwambia Liberatus. Alimwambia yeye. Bujiku alisimama pale akitazama vidole vyake vya miguu, hajui la kufanya, maana katika mdomo ule wa Ipogolo, kama ulivyo katika wa kwake, neno ni moja tu.

"Ipi, mama?" akauliza.

"Zote mbili," akasema. "Wali palipoungua mpe Liberatus."

Helena ndiye aliyempa ya kuandikia. Bibi yake aliishika kwa ngumi nzima, kama mpini wa jembe dogo, na Seni, bado yuko mapajani, akamwekea kidole kwenye karatasi kumwonyesha mahali pa kuanzia. Mstari mmoja, wima, kwenda chini. Mstari mmoja juu, umelala. Mama Apolonia alikandamiza mpaka karatasi ikachanika kidogo. Akaitazama T yake muda mrefu, akachora ya pili pembeni, halafu ya tatu.

Barabarani basi la jioni lilipiga honi kuwaita abiria wa Iringa. Liberatus, shavu limejaa ukoko, akaangalia saa yake, akakiangalia kikapu.

"Mama," akasema, "basi."

"Liache lipite," akasema, bila kuinua kichwa.